Mlima wa Taka na Majivu ya Bibi: Majibu ya Maswali Yenu ya Maji

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Mbeya. Kwa mradi wa mwaka wa mwisho nimechagua taka za mwamba wa mafuta, ule unaochimbwa Estonia na ambao Wamarekani walijaribu kuuchimba Colorado. Nimesoma kuhusu marundo ya taka hizo yaliyokaa miaka mingi bila kudondosha maji chini, nami nikaandika kwamba basi ni salama. Msimamizi wangu amepiga mstari mwekundu. Amesema ukimya wa lundo si ushahidi. Kwa nini? Na nitafanyaje jaribio bila maabara kubwa? (Msomaji, Iyunga, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi, na ningeomba umshukuru kwa huo mstari mwekundu.

Nilikulia Masoko, wilayani Rungwe. Bibi yangu hakununua magadi dukani. Alianika maganda ya ndizi, akayachoma, majivu yake akayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa majani makavu ya mgomba. Mimi nilikuwa mmwagaji maji. Kata ya kwanza ilimezwa, ya pili ikamezwa, chini pakavu. Kwenye kata ya tatu au ya nne ndipo matone yalipoanza, meusi kama chai ya rangi iliyokolea, yanateleza vidoleni. Hayo ya kwanza Bibi aliyaweka kando kwa maharage magumu. Yaliyofuata yalipungua ukali kidogo kidogo, lakini hata jioni ukiyaonja ulimi ulishtuka bado.

Lundo lako la Colorado liko kwenye kata ya kwanza. Limenyamaza kwa sababu bado linakunywa.

Twende kwenye mwamba wenyewe. Ndani yake hakuna mafuta yanayotiririka. Kuna mabaki ya viumbe vya kale yaliyogandamana na jiwe, yanaitwa kerojeni. Ili kuyatoa, jiwe linasagwa na kuingizwa kwenye tanuru la joto la nyuzi 500 za Selsiasi hivi. Tani moja ya mwamba mzuri wa Colorado inatoa karibu lita 100 za mafuta. Fanya hesabu uone kinachobaki: zaidi ya kilo 800 za mawe yaliyopikwa kwa kila lita 100. Tena yakishasagwa yanavimba kwa nafasi, hayarudi yote katika shimo yalikotoka. Lazima ujenge mlima. Estonia, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1916, milima hiyo inaonekana hadi leo upande wa Kohtla-Järve.

Kabla ya kupikwa, chumvi nyingi za jiwe zilikuwa zimefungwa ndani. Moto unazifungua. Mwamba huu pia una chokaa nyingi, na unapochomwa kwa joto kali zaidi, kama kwenye mitambo ya umeme ya Narva, majivu yake yanakuwa na chokaa hai. Maji yakipita humo yanatoka na pH (kipimo cha tindikali, chini ya 7, na besi kama ya magadi, juu ya 7) ya 12 au zaidi, ukali unaochubua ngozi. Kwenye taka za tanuru la kukamua mafuta, maji ya mchujo, yaani yanayopenya taka na kutokea chini, hubeba sodiamu na salfeti kwa wingi, pamoja na floridi, boroni, aseniki, seleni na molibdeni. Usiidharau hiyo molibdeni kwa kuwa jina lake ni geni. Ng'ombe akiipata kwa wingi, hasa ikiwa pamoja na salfeti, mwili wake unashindwa kutumia madini ya shaba. Anakonda, anaharisha, manyoya yanapauka. Kwetu Rungwe, ambako maziwa ndiyo yanalipa ada ya shule, hilo si jambo la vitabuni.

Sasa ukimya wa lundo. Chukua lundo lenye kina cha mita 30. Tuseme kila mita inaweza kushika milimita 200 za maji kabla haijaanza kudondosha. Jumla ni milimita 6,000. Magharibi ya Colorado ni nchi kame. Katika maeneo mengi ya mwamba huo mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 500, na sehemu kubwa hurudi hewani. Ikiwa zinazopenya ndani ni milimita 50 kwa mwaka, lundo litahitaji miaka 120 kushiba. Mtafiti aliyekaa pale miaka kumi na ndoo yake tupu ameona sehemu moja tu ya kumi na mbili ya habari. Lihamishe lundo hilohilo hadi Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na tuseme zinapenya 1,000. Miaka 6 tu, chini kunaanza kutiririka. Jiwe ni lilelile. Mvua ndiyo iliyobadilika.

Hesabu hiyo inadhani maji yanashuka kwa usawa, na hayafanyi hivyo. Majivu yenye chokaa yakilowa huganda kama saruji, kisha yanapasuka. Malori ya kumwaga taka hushindilia sehemu moja na kuacha nyingine wazi, na mawe makubwa huviringika hadi chini ya mteremko yakaacha mapango. Maji yanapata mfereji, yanafika chini mapema, wakati nusu ya lundo bado ni kavu kama unga. Kwa hiyo unaweza kuona mchujo ukidhani lundo limeshiba kumbe halijashiba, au usione kitu ukadhani hakuna kitu. Ndiyo maana ndoo peke yake haitoshi. Unapima na unyevu wa ndani, kina kwa kina.

Katika mradi wako usiishie kwa Henry Darcy, mhandisi Mfaransa, na kanuni yake ya mwendo wa maji ya mwaka 1856. Ile ni ya mchanga uliojaa maji. Ndani ya lundo nafasi nyingi zina hewa, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo maji yanavyozidi kupita kwa shida, mara mia au mara elfu. Hiyo ni kazi aliyoiandikia kanuni mwanafizikia Lorenzo Richards mwaka 1931. Isome polepole. Mimi niliisoma mara tatu ndipo ikanikaa.

Kuhusu jaribio, nenda dukani ukanunue bomba la plastiki la inchi 4, kata mita moja na robo. Ndani lipake gundi na kurushia mchanga ukutani, ukiacha laini maji yatateleza pembeni na utapima ukuta wa bomba badala ya taka. Chini weka kitambaa na kokoto safi. Huna mwamba uliopikwa, basi tumia majivu ya kuni uliyoyachekecha, ukichanganya na mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa, ambayo Rungwe yamejaa kila ukingo wa barabara. Sema wazi kwenye ripoti kwamba ni mbadala, usijifanye una taka za Estonia. Shindilia kwa tabaka za sentimita 5 hadi ufikishe mita moja. Tumia maji ya mvua. Ya bomba yana chumvi zake tayari. Yadondoshe kwa mrija wa dripu ya hospitali, mpya.

Bomba hilo kila sentimita moja ya mvua ni mililita 78 hivi. Mwaka mzima wa Tukuyu ni karibu lita 16. Mwaka wa mvua ya milimita 400 ni lita 3 na kidogo. Nafasi tupu ndani ya nguzo yako, yaani bomba lililoshindiliwa majivu, ikiwa ni nusu ya ujazo, ni karibu lita 4. Unaona? Tukuyu inabadilisha maji ya nguzo nzima mara nne, nchi kame haiijazi hata mara moja. Weka nguzo mbili, moja kwa kila mvua. Kila mililita 200 zinazotoka pima pH na upitishaji umeme (unaoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka), uandike na saa. Halafu simamisha dripu wiki mbili, anza tena. Watu wengi huruka hatua hii, na mimi naona ndiyo yenye siri kubwa, kwa sababu dunia ina masika na kiangazi. Baada ya kukauka utaona ukali umepanda upya.

Matone ya kwanza kabisa yaweke kwenye chupa yake, kama Bibi.

SWALI: Dada, salamu kutoka Ileje. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Juu ya chemchemi yetu kuna lundo la mawe meusi waliloliacha watu waliowahi kuchimba makaa, zamani sana. Tangu mvua zilizopita maji yana rangi ya kutu na utando unaong'aa juu. Wazee wanasema tuchemshe. Vijana wanasema tumwage chokaa. Nimesikia pia kuna nchi zina matatizo na mawe meusi ya mafuta, nikajiuliza kama ni haya haya. (Msomaji, Ileje, Songwe)

JIBU: Kaka mwenyekiti, pole na hongera kwa kuuliza kabla hamjamwaga kitu. Naanza na la kuchemsha kwa sababu ni la leo jioni: kuchemsha kunaua vijidudu tu. Chuma, salfeti, aseniki, vyote vinabaki sufuriani, na kwa vile maji yamepungua kwa mvuke, vinakuwa vikali zaidi. Kwa sasa watoto na wajawazito wanywe kutoka chanzo kingine, hata kama ni mbali. Najua uzito wa sentensi hiyo kwa anayebeba ndoo.

Mawe yenu ni ndugu wa yale ya mafuta, lakini tabia ni kinyume. Yale yamepikwa tanuruni, na chokaa yake inayafanya yatoe maji ya besi. Yenu hayajapikwa. Yalikaa na makaa chini ya ardhi tangu zama za miamba ya Karoo, ile ya kale yenye makaa, bila hewa. Mara nyingi mawe meusi ya aina hiyo yana pairiti, madini ya chuma na salfa yanayometameta kama dhahabu ya bandia. Yakitolewa nje, hewa na maji vinayashika, yanatoa tindikali, salfeti na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kikifika kwenye hewa ya chemchemi kinageuka kutu, ndiyo rangi mnayoiona. Bakteria wanaharakisha kazi hiyo, kwa hiyo msitegemee kwamba lundo la zamani limechoka. Linaweza kuendelea miongo mingi.

Lakini rangi ya kutu peke yake haihukumu. Ziko chemchemi zenye chuma cha asili zisizo na lundo lolote juu yake. Chukua kijiti, gusa ule utando. Ukivunjika vipande kama kioo chembamba na usirudi kuungana, ni kazi ya bakteria wa chuma. Ukizunguka na kuungana tena, hayo ni mafuta, na hiyo ni habari nyingine. Kisha tafuta karatasi za kupimia pH, shule ya sekondari yenye maabara haikosi. Pima chemchemi yenu, na pima nyingine ya mlima huohuo ambayo haiko chini ya lundo. Nyingine ikiwa 6 au 7 na yenu ikasoma 4 au chini, lundo limeshatoa ushahidi wake.

Sasa naomba nisimulie kosa langu. Nilipokuwa msichana kazini, nikiwa na boksi la chupa na baiskeli ya ofisi, nilitumwa kuchukua sampuli chini ya taka za shimo moja la zamani. Nilikwenda Agosti. Maji yalikuwa kidogo, maangavu, vipimo vizuri. Nikaandika "yanafaa". Desemba mama mmoja alikuja na chupa ya maji ya chemchemi ileile, rangi ya chungwa, akaiweka mezani bila kusema neno. Kiangazi chote chumvi zilikuwa zimekauka juu ya mawe na ndani ya nyufa, mvua za kwanza zikaziyeyusha na kuzishusha kwa mpigo. Karatasi yangu ilisema kweli ya Agosti tu, na watu walikunywa kwa kuiamini. Tangu siku ile sikusaini kipimo cha chemchemi iliyo chini ya taka kabla sijaona maji ya Novemba au Desemba. Nanyi mkipima, pimeni mara mbili: kiangazi, na siku ile mito inapoanza kubadilika rangi kwa mvua za kwanza. Chupa iwe safi, isuuzwe mara 3 kwa maji yaleyale, ijazwe hadi mdomoni, iandikwe tarehe, saa na kama mvua ilinyesha usiku.

Chokaa, nasema hapana kwa chemchemi. Msimwage kitu chochote kwenye chanzo. Hata kwenye mtaro wa kutokea lundo, mawe ya chokaa hufanya kazi kwa muda, kisha yanavikwa ganda la kutu na kulala. Na mkizidisha chokaa ya unga mnaweza kuua tindikali huku mnaiamsha aseniki, ambayo kwenye maji ya besi hutembea kwa urahisi zaidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa aseniki ni miligramu 0.01 kwa lita. Hakionekani kwa macho wala ladha.

Kazi ambayo mikono ya kijiji inaweza kuanza wiki hii ni jembe. Chimbeni mtaro wa kukinga, juu ya lundo, ukifuata usawa wa mlima, ili maji ya mteremko yapite pembeni bila kuingia kwenye mawe. Kisha lisawazisheni lundo juu lisiwe na mashimo yanayotuama. Mita moja ya mraba ikipata milimita moja ya mvua ni lita moja. Eneo la mita kumi kwa kumi likipokea mvua ya milimita 50 usiku mmoja ni lita 5,000. Kila lita mnayoizuia kuingia ni lita ambayo hamtaikuta chemchemini ikiwa na kutu. Baadaye, udongo wa mfinyanzi uliolowekwa kidogo na kushindiliwa kwa tabaka juu ya lundo utasaidia kuzuia maji na hewa pia, na pairiti bila hewa haifanyi kazi. Ule ulioshindiliwa sawasawa unapitisha karibu sentimita 3 za maji kwa mwaka mzima. Ulioachwa ukauke na kupasuka unapitisha kama kichujio cha chai.

Andikeni barua, na nakala mbaki nayo, kwa bodi ya maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Natilia mkazo kwa sababu nimeona barua za kwenu zikipotelea Rukwa. Mito ya Songwe ni miwili. Mmoja unakwenda Ziwa Rukwa. Wa kwenu ni ule unaopakana na Malawi na kuingia Nyasa. Watumieni vipimo vya pH vya chemchemi zote mbili, kwa sababu namba mbili zikiwa pamoja ni ngumu kuwekwa chini ya mafaili.

SWALI: Nimeuziwa lori la marudio (mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu) kwa bei nzuri, nijaze msingi wa nyumba na yanayobaki niweke bustani ya mchicha. Muuzaji anasema sumu ilishaisha kwa jua. (Msomaji, Chunya)

JIBU: Usiyatumie, kwa vyote viwili. Muuzaji ana nusu ya ukweli: sianidi hupungua kwa jua na hewa. Zebaki haiharibiwi na jua, risasi haiharibiwi, aseniki haiharibiwi. Mchicha unapenda kunyonya, na maji ya paa yanayodondokea ukutani yatapita kwenye msingi huo kila mvua kuelekea kisima cha kwanza kilicho chini yenu. Kama umeshamwaga bustanini, yakusanye yakiwa na unyevu ili vumbi lisiruke, yafunike, na watoto wasicheze hapo hadi upime.

SWALI: Mama, huku Mafinga tunaona misonobari ikipandwa vijito vinapungua. Kwa nini wasipande misonobari juu ya hiyo milima ya taka, maji yakaisha? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Swali zuri sana, na wataalamu wa taka wanalifikiria kwa uzito. Mti ni pampu. Lakini pampu ya mti inafanya kazi kwa mwendo wake, na mvua ya kwetu inakuja kwa mwendo mwingine. Udongo wa tifutifu wa mita moja unaweza kuutunzia mti labda milimita 150 za maji. Mwezi mmoja wa mvua kubwa unaweza kuleta zaidi ya hapo, na kinachozidi kinashuka kwenye taka, mti upende usipende. Kwenye nchi kame kifuniko cha udongo na majani kinaweza kutosha. Kwetu nyanda za juu, mimi nisingekitegemea peke yake.

Jingine ni mizizi. Ikifika kwenye taka zenye pH 12 inakufa, ikifa na kuoza inaacha tundu, na tundu ni bomba. Kwa mwanzo ningechagua nyasi za mizizi mifupi kuliko misonobari. Na chini ya udongo, kabla ya taka, ningeweka tabaka la kokoto kubwa. Udongo laini hushikilia maji yake na hauyaachii kwenye kokoto hadi ulowe karibu kabisa. Kiangazi kokoto hizo hizo hukata njia ya chumvi inayopanda kutoka kwenye taka, ile inayoacha unga mweupe juu na kuunguza miche.

Wewe uko mahali pazuri pa kujaribu. Chukua ndoo mbili zilizotobolewa chini, zote zipate majivu kimo cha shibiri, moja uweke kokoto katikati na nyingine usiweke, juu udongo na nyasi uleule. Ziache nje kuanzia Novemba hadi Juni. Kisha niandikie ni ndoo ipi nyasi zake zimebaki kijani, na maji ya chini umeyapima lini.